Kiwiko cha Sweta ya Ifrah

Siku ya kuniaga mlinilisha keki, mkanivika shuka begani kama mzee wa baraza, kisha mkaniambia niandike kidogo kuhusu kazi ili nyinyi mliobaki karakanani mpate pa kushika. Kidogo? Mtu aliyefunika shingo za nusu ya Kenya haandiki kidogo. Lakini nitajizuia. Vyeo siandiki, maana nilipewa kimoja tu, nacho kilikuwa cha kutunza ufunguo wa stoo. Mshahara siandiki kwa sababu mke wangu anasoma. Nitaandika kazi yenyewe. Na Kiswahili changu mkikikuta kimevaa tai hapa na ndala pale, mjue ni cha ngumbaru. Darasa la nane nililimaliza nikiwa na ndevu, dawati moja na askari jela aliyekuwa akininakili hesabu, tena alikuwa akinakili zile nilizokosa.

Nilifika Garissa kutoka Kinangop na sindano za kufumia jozi kumi na moja, zimeviringishwa kwenye kitambaa, pamoja na koti zito. Koti nililivua kwenye daraja la Tana na sijalivaa tena mpaka leo. Siku hiyo niliteremka garini nikiwa na kilo themanini, nikafika lango la karakana na sitini. Askari wa lango akaniuliza nimekuja kufanya nini.

"Kufundisha kufuma," nikasema. "Sweta na skafu."

Akamgeukia mwenzake. "Kuja uone! Wametuletea mtu wa kuuza blanketi jehanamu."

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Ila walijua vizuri kwa nini nimeletwa. Watoto wa Garissa, Wajir na Mandera wakifaulu mtihani huitwa shule za huko wenyeji wanakokuita "Kenya", kana kwamba sisi tuko nchi nyingine: Nyandarua, Limuru, kule ambako maji ya asubuhi yanauma meno. Mtoto aliyezaliwa kwenye joto hili hana akili ya baridi. Anahitaji sweta kabla hajahitaji kalamu, na karakana yetu, iliyoegemea ukuta wa soko la mifugo, ndiyo iliyokuwa ikimvika. Misimu ya kufungua shule tulifuma kijani na maruni hadi nikaota mikono ya sweta inanikaba koo.

Aliyenipokea ndani ni Mama Keziah, Mkamba wa Mwingi, mkuu wa karakana, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kusimamisha ng'ombe. Nilimkabidhi skafu yangu nzuri kuliko zote, najivuna. Hakuitazama. Aliigeuza.

"Nani alikufundisha?"

"Mama yangu."

"Mbele alikufundisha mama yako. Na nyuma? Mbuzi?"

Nyuma ncha za nyuzi zilikuwa zinaning'inia. Alinifumulisha skafu nzima pale pale, mbele ya wanafunzi, na wiki tatu zilizofuata nilifanya kazi moja tu: kuficha ncha. Acha uzi wa urefu wa shibiri. Utie kwenye sindano butu, upitishe chini ya vitanzi sita, urudi vinne. Halafu vuta skafu pande zote ikae, ndipo ukate. Ukikata kabla ya kuvuta, ncha itachomoza siku ya kwanza kuvaliwa, tena mbele ya wakwe.

Mengine niliyojifunza mwaka ule wa kwanza nawapa bure. Mikono ikitoa jasho uzi haupiti, basi jipakeni poda ya mtoto. Waliotutangulia walitumia majivu, na sweta nyeupe za shule zikawa za kijivu. Alama za kuhesabia safu tumieni mwiba wa mgunga, mradi muukate ncha. Uzi ukae ndani ya debe la bati lenye kifuniko, la sivyo mchwa watafungua duka lao. Na zile sindano nyeusi kwenye droo ya pili, ambazo mnaziona mbovu, nilizitengeneza kwa spoki za baiskeli na msasa. Za dukani zimepinda zote. Hizo zitawazika nyote.

Skafu za kumbukumbu hazikuwa mpango wa mtu. Alikuja mwalimu mmoja wa kike, Mkisii, mjane. Mumewe alikuwa amekufa barabarani akirudi kutoka Mandera. Mjane huyo alikuwa na sweta ya marehemu kwenye mfuko. Hawezi kuivaa, hawezi kuitoa. Mama Keziah aliniambia, "Ifumue, umfumie kitu cha shingoni." Nilifanya hivyo, naye akaondoka amejifunga. Kabla mwezi haujaisha nilikuwa na mifuko saba chini ya meza, na hakuna hata mmoja ulioletwa na mtu mwenye furaha. Nilidhani nimekuja kufundisha ufundi wa mikono, kumbe nimefungua kilio.

Kati ya hao alikuwepo mzee mmoja kutoka Takaba, Mzee Gedi. Ukame ulikuwa umemmaliza. Alisimama mlangoni na fimbo yake begani.

"Wanasema wewe unafuma waliokufa."

"Nafuma skafu, mzee."

"Fuma ngamia zangu."

Akakaa chini na kuanza kunitajia, mmoja mmoja, jina lake, rangi yake na mahali alipoangukia. Nilifuma mstari kwa kila ngamia: kahawia, maziwa, kijivu cha mawe. Siku nne. Ile skafu ingemzunguka twiga na kubaki. Tulipofika mwisho nikachukua sindano nifunge vitanzi, akaushika mkono wangu.

"Hiyo ya mwisho wacha. Hiyo sikuona ikikufa. Ilienda tu."

Basi nikaviacha vitanzi vyake wazi, nimevipitishia kipande cha uzi visifumuke. Kazi isiyofungwa, itoke karakanani kwetu! Mama Keziah hakunisemesha siku nzima. Mzee aliizungusha shingoni mara tatu, adhuhuri ya Garissa, akaondoka nayo wala hakutoa jasho.

Sasa niwaambie ya Mama Ifrah, maana hayo ndiyo yaliyonifanya nikubali kushika kalamu.

Ifrah nilimpima mwenyewe siku aliyoitwa kidato cha kwanza. Mwembamba, mcheshi, mikono mirefu kama miguu ya korongo. Akaniuliza, "Mwalimu, hiyo baridi inafanana aje?" Nikamwambia kule ukisema neno asubuhi linaganda hewani, mwenzako analisikia saa nne jua likitoka. Alicheka hadi kamba ya kupimia ikanitoka mkononi. Mama yake, muuza maziwa ya ngamia pale sokoni, hakucheka. Alikuwa anaangalia viganja vya bintiye.

"Mikono ya sweta ongeza," aliniambia, p ikimtoka b na v ikimtoka f, kama Wasomali wengi wa pale sokoni. "Usibunguze hata kidogo."

Sikupunguza. Nilimfumia sweta ya kijani iliyomfikia vidoleni.

Alipokuwa kidato cha tatu kifua kilimbana huko shuleni. Jumatatu aliugua, Jumatano hakuwepo. Mafuriko yalikuwa yamekata barabara upande wetu. Waislamu wa mji ule, watu wema ambao hawakumjua, walimwosha, wakamswalia, wakamzika, kwa sababu maiti haingojeshwi. Mama Ifrah alifika siku ya tano. Alioneshwa tuta la udongo mwekundu, akakabidhiwa sanduku la bati. Uso wa mwanawe hakuuona.

Alikuja karakanani majuma kadhaa baadaye, sweta kaificha ndani ya jilbabu lake. Shemeji zake walikuwa wamemwambia nguo za marehemu zote zitolewe sadaka, asimshikilie mtoto aliyekwenda kwa Mola wake. Alikuwa amezitoa zote. Hii moja aliificha chini ya gunia la mchele.

"Sweta ikionekana, itaenda," akasema. "Skafu nafaa shingoni, ndani ya jilbabu. Hakuna mtu ataniuliza. Fanya fizuri, mwalimu."

"Itakuwa safi kama mpya, mama," nikamwambia, nikidhani namfariji.

Hakuniambia nisiifue. Haikumwingia akilini kwamba yupo mtu mzima duniani ambaye angeifua.

Nanyi mnaijua kanuni: sweta iliyovaliwa hufuliwa kwanza, ndipo ifumuliwe. Jasho huozesha uzi, vumbi huukata. Niliiloweka kwenye beseni la maji vuguvugu. Harufu iliyopanda naikumbuka hadi leo: uunsi, ule ubani ambao akina mama wa Kisomali hufukizia nguo, kila nyumba na mchanganyiko wake, mafuta ya nywele, jasho la msichana. Maji yakawa rangi ya chai ya mkandaa. Nikayamwaga. Nikabadilisha mara tatu, mpaka yakawa meupe, nami nikaridhika.

Kwenye kiwiko cha kushoto kulikuwa na tundu lililozibwa kwa uzi wa buluu. Mishono mikubwa inapandana kama njia za mbuzi, na mwishoni fundo nene kama harage. Kazi ya mkono usiofundishwa. Nikasema moyoni, kwani huko hawafundishwi hata kushika sindano? Nikachukua mkasi, nikakata sehemu yote, upana wa kiganja, nikaitupa kwenye gunia la mabaki. Mabaki hayo, kwa wageni mliokuja juzi, huchukuliwa na Dubow, mwenye mikokoteni ya maji. Huyajaza kwenye matandiko ili mti wa mkokoteni usimchubue punda mgongoni.

Uzi uliosalia niliutundika na mawe madogo ili unyooke, nikauviringisha, nikafuma. Niliweka nakshi ya mawimbi, kwa kuwa waliishi karibu na mto. Nilifunga vitanzi kwa sindano kubwa zaidi ili ukingo usibane. Nilificha ncha kila moja. Niliitandaza chini ya kitambaa kibichi na kuibana kwa pini arobaini. Mimi naongeza chumvi, mnanijua, lakini hapa siongezi: sijawahi kufuma kitu kama kile, kabla wala baada yake.

Alikuja saa nane mchana. Aliketi kwenye benchi, akaipokea kwa mikono miwili. Hakuiangalia. Aliipeleka moja kwa moja puani.

Alivuta pumzi. Akavuta tena, kwa nguvu, macho kafumba.

"Uliosha?"

"Kidogo tu, mama."

Kidogo tu. Maji mara tatu, tena nusu mche wa sabuni.

Hakulia. Aliikunjua magotini, akaanza kuipitisha vidoleni, shibiri kwa shibiri, kama mtu anayetafuta mwiba kwenye wayo wa mtoto.

"Kiwiko iko wabi?"

"Imo humo humo, mama. Yote imo humo."

"Alishona mwenyewe," akasema, bado anapitisha vidole. "Alinibigia na simu ya mwalimu wake. Akasema, Hooyo, mama, sweta ilishikwa na seng'enge, nimeishona mwenyewe, siku ukiiona utacheka. Nikamwambia leta nicheke." Akaigeuza. Akaigeuza tena. Nyuma palikuwa safi kama mbele. Hata mimi nisingejua upande upi ni upi. "Uzi ilikuwa buluu. Mwalimu. Iko wabi?"

Cherehani ya Mama Keziah ilisimama nyuma yangu.

"Mwambie," alisema.

"Niliikata," nikasema. "Ilikuwa mbaya, nikaikata. Iko kwenye matandiko ya punda."

Alinitazama. Nimetazamwa na wakaguzi, na fisi mmoja kule Ifo, na baba mkwe wangu, sijatazamwa hivyo. Kisha akasimama na skafu mkononi. "Twende," akasema.

Tulikwenda kwa miguu hadi bombani wanakojazia maji, yeye mbele, mimi nyuma. Dubow alituona kwa mbali, akapiga kelele akiwa juu ya mapipa yake.

"Warya, mwalimu wa uzi! Njoo uone, bunda yangu imefaa uniform! Kesho naibeleka boarding!"

Wenzake wakaangua kicheko. Halafu akamwona Mama Ifrah aliyetangulia, nadhani akaona pia jinsi alivyoikaza ile skafu mikononi, akaruka chini, akamwita shangazi kwa Kisomali.

"Eddo. Bole sana, eddo."

Nilimweleza. Hakuuliza mara mbili. Aliwafungua punda watatu, akaleta matandiko yao, akayapasua kwa kisu moja baada ya jingine, nasi tukapiga magoti kwenye tope la bombani tukachambua. Mabaki ya miezi: kijani, maruni, kijani tena, yameshikana kwa jasho na manyoya ya punda. Tandiko la pili lilikuwa na damu mahali lilipogusa kidonda. Mara moja niliona buluu. Nilivuta, kikatoka kipande cha mfuko wa nailoni. Dubow alichambua kwa ncha ya kisu, akipuliza manyoya kwenye kila kipande. Wenye mikokoteni wengine walisogeza wanyama wao kando ili wasitukanyage, na hakuna aliyejaza pipa.

Tandiko la tatu lilipokuwa limebaki ngozi tupu, Mama Ifrah alikuwa ameshika konzi moja la sufu ya kijani, zito, bado lina joto la mgongo wa punda. Akaninyooshea.

"Hii ni yake?"

Ndugu zangu, mnanijua. Mimi ndiye niliyemwambia mkaguzi wa wilaya kwamba ngamia wa Mandera wameagiza soksi, akaandika. Neno "ndiyo" lilikuwa limeshafika kwenye meno. Lingemtosha. Angeliweka lile konzi chini ya gunia la mchele, na siku mbaya angelitoa na kulishika. Kilichohitajika ni mimi kuitikia kwa kichwa tu, na nani angenijua?

"Sijui, mama."

"Angalia mzuri."

Niliangalia. "Kijani hii ni ya shule nne. Inaweza kuwa yake. Inaweza kuwa ya mtoto yeyote. Sijui."

Aliligeuza mkononi. Kisha akalirudisha kwenye tandiko. Akaokota na yale yaliyotapakaa chini, kipande kwa kipande, akayapukuta tope, akayajaza yote mahali pake, akiyasukuma kwa ngumi ili yasifanye uvimbe. Hakuniruhusu kusaidia.

"Shona," alimwambia Dubow. "Shona mzuri. Isimuumize."

Akasimama. Skafu ilikuwa begani mwake. Aliivuta, akaikunja mara nne sawasawa, akanipa.

"Hii ni yako, mwalimu. Kila kitu iko ndani ni yako."

Aliondoka kuelekea sokoni, kwa kuwa maziwa yake yalikuwa juani.

Tangu hapo, kabla sijashika mkasi, nilimketisha mwenye nguo na kumwambia anioneshe kwa kidole: hiki kibaki, hiki kiende. Watu hunyoosha kidole mahali ambapo nyinyi hamtadhania. Mjane mmoja wa askari alishika doa la chai kifuani, akaniambia hilo ndilo lililomleta, sweta yenyewe nikitaka nichukue. Nilifuma skafu zenye doa, zenye harufu ya moshi, moja yenye kifungo kilichovunjika kikining'inia katikati bila kazi. Hazikuwa nzuri. Wanafunzi walilalamika kwamba tunaharibu jina la karakana. Nanyi mtalalamika. Fanyeni tu. Na kama hamjui, semeni hamjui, hata kama aliye mbele yenu anawaomba kwa macho mseme mengine.

Mama Ifrah aliendelea kuuza maziwa pale pale. Nilipita mbele ya meza yake kila asubuhi kwa miaka yote iliyosalia, kwa sababu njia ni hiyo moja.

"Assalamu alaikum, mama."

"Wa alaikumu salaam, mwalimu."

Nikinunua alinipimia kama alivyowapimia wengine, hakupunguza, hakuongeza. Sikuwahi kumwomba msamaha. Kila asubuhi niliutayarisha kuanzia lango la karakana, na kila asubuhi nilifika mezani na kuagiza nusu lita.

Siku ile ya kuniaga mliniomba niwaachie kazi yangu iliyo bora kuliko zote mwitundike ukutani, wanafunzi wajifunze umaliziaji. Niliwaachia ile ya maruni yenye vishada. Ni nzuri, inatosha, lakini siyo. Iliyo bora ninayo mimi nyumbani, imekunjwa mara nne. Nimeigeuza mbele na nyuma, dirishani, juani, kwa miwani na bila miwani. Haina kosa hata moja.